Dawa ya Miti Shamba Isajiliwe kwa Jina, Sehemu na Kipimo

Miongoni mwa mambo yanayozikabili nchi zinazoendelea katika kulinda afya za wananchi wake, ni machache yenye utata kama usajili wa dawa zitokanazo na mimea. Dawa hizo ni za kale kuliko hospitali. Hutumiwa na watu wa mjini na wa vijijini, wenye elimu na wasio nayo, na mara nyingi ndizo za kwanza kutafutwa ugonjwa unapoingia nyumbani. Hata hivyo, ukiondoa chache, hazina kumbukumbu iliyoandikwa inayoeleza zimetokana na mmea gani, zimetayarishwa vipi, wala mgonjwa anywe kiasi gani. Hoja ya makala haya ni kwamba usajili uanze na mambo hayo matatu, na kwamba kazi hiyo inaweza kuanzia wilayani, bila kungoja kila dawa ifikishwe katika maabara kubwa.

Umuhimu wa jambo hili huonekana wazi katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Hapo hutua mitumbwi ya dagaa na migebuka, na hapo ndipo yanapoondokea maboti ya kwenda Gombe, Mwamgongo na Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Mnunuzi wa dagaa katika mwalo huo hahitaji maabara. Kwa jicho na vidole hutambua dagaa walioanikwa juu ya vichanja na walioanikwa mchangani. Kwa pua na ulimi hupambanua mawese mapya na yaliyochacha. Lakini mnunuzi huyo huyo akipewa unga wa mizizi uliofungwa katika karatasi, macho, pua na vidole vyake havimwambii lolote. Mizizi ikishasagwa, mti mmoja hufanana na mwingine. Mnunuzi huyo anahitaji shahidi asiyekuwa muuzaji, na shahidi huyo hana budi kuwa ni daftari la usajili.

Mti mmoja, majina mengi

Ugumu wa kwanza ni wa majina. Uko mti mdogo wenye majani machungu ambao wanasayansi wameuita Vernonia amygdalina. Watongwe wa kusini mwa Kigoma huuita mjonso. Waganda huuita mululuza. Warundi na Wanyarwanda huuita umubirizi, neno ambalo mkazi wa Kibirizi atasikia mara moja jinsi linavyokaribiana na jina la mahali pake. Mzigo mmoja wa majani ukivuka ziwa na kupanda treni, huenda ukabadilika jina mara tatu kabla haujamfikia mgonjwa.

Kinyume chake pia hutokea: miti miwili hudhaniwa kuwa mmoja. Mwarobaini unafahamika kila mahali, lakini uko jamaa yake uitwao Melia azedarach, unaopandwa kwa ajili ya kivuli na mapambo, na matunda yake yana sumu. Mwanafunzi aliyejifunza elimu ya mimea anaweza kuitofautisha miti hiyo akiwa amesimama chini yake: jani la mwarobaini hugawanyika mara moja tu, na la ndugu yake hugawanyika mara mbili au zaidi. Baada ya kukaushwa na kutwangwa, alama hiyo hupotea.

Kosa la namna hiyo halizipati nchi maskini peke yake. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, huko Brussels, nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitibiwa kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mimea kutoka China. Badala ya mmea uliokusudiwa, Stephania tetrandra, vilitiwa mmea mwingine wenye jina la Kichina linalokaribiana nalo, Aristolochia fangchi. Watu zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadaye wengine waligundulika kuwa na saratani ya njia ya mkojo. Haya yalitokea katika nchi yenye maabara, madaktari na maduka ya dawa ya kila aina. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba mmea ulioingia katika kidonge ndio ule ulioandikwa.

Ikumbukwe pia kwamba jina la Kilatini peke yake halitoshi. Wataalamu hubadilisha majina kadiri ujuzi unavyoongezeka. Hivi leo baadhi yao huuita mjonso Gymnanthemum amygdalinum. Shahidi asiyebadilika ni tawi lenyewe, likiwa na majani na maua, lililokaushwa, kubandikwa kwenye karatasi ngumu na kuandikwa mahali na tarehe lilipochumwa. Kila dawa iliyosajiliwa ingepaswa kuwa na tawi lake mahali fulani, ili mwenye shaka aende akalitazame.

Sehemu, matayarisho na kipimo

Jambo la pili ni sehemu ya mmea. Mkoa wa Kigoma una mfano wake uliovuma duniani. Mwezi Novemba 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mtumishi wa hifadhi aliyejua miti ya dawa ya Watongwe, walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku, ambaye alikuwa mgonjwa dhahiri. Sokwe huyo alikata chipukizi la mjonso, akatupa majani na gome, akatafuna kiini na kufyonza maji yake machungu. Kalunde ndiye aliyemweleza mwenziwe kwamba mti huo ni dawa kali kwa watu. Kesho yake Chausiku alionekana amepata nguvu.

Tukio moja halithibitishi kwamba dawa inaponya. Lakini wanakemia wa Kyoto, nchini Japani, walipouchunguza mti huo waligundua jambo la kufikirisha. Katika majani na gome mna kwa wingi kemikali iitwayo vernodalini, ambayo ni sumu kali. Katika kiini kemikali hiyo ni kidogo mno, na mna nyingine zinazoweza kuwadhoofisha minyoo na vijidudu. Sokwe alikuwa akitupa sehemu ya hatari na kutumia sehemu iliyomfaa. Kwa upande mwingine, huko Nigeria na Kamerun watu hula majani ya mti huo huo kama mboga, lakini kwanza huyaosha na kuyafikicha mara nyingi mpaka uchungu utoke. Basi mti mmoja unaweza kuwa mboga, dawa au sumu, kutegemea sehemu iliyochukuliwa, namna ilivyotayarishwa na kiasi kilicholiwa. Daftari linaloandika jina la mti tu bila ya mambo hayo halijaandika dawa.

Namna ya kutayarisha nayo si jambo dogo. Bibi Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alitafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua. Majaribio yake ya awali hayakutoa matokeo ya kuaminika. Alipokisoma tena kitabu cha kale cha tiba aliona kwamba kinamwelekeza mgonjwa aloweke mmea huo katika maji na kuukamua, wala hakitaji kuuchemsha. Akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akabadili njia, na ndipo artemisinini ilipopatikana katika miaka ya 1970. Sentensi moja iliyoandikwa karne nyingi kabla ilihifadhi kile ambacho maabara ilikuwa ikikiharibu. Ni sentensi ngapi za namna hiyo zilizomo vichwani mwa wazee wa Uha na Utongwe, zisizoandikwa popote?

Sheria na mwenendo wake

Wakati wa ukoloni uganga ulitazamwa zaidi kwa jicho la Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 kuliko kwa jicho la afya. Baada ya Uhuru, sheria ya madaktari ya mwaka 1968 ilimwachia mganga wa jadi nafasi ya kuwatibu watu wa jamii yake, mradi matendo yake yasihatarishe maisha. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za jadi, kilichokuja kuwa Taasisi ya Tiba Asili mwaka 1991. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliwataja waganga wa jadi miongoni mwa watu wanaoweza kushiriki katika huduma ya afya ya msingi. Hatimaye ilitungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusimamia kazi hiyo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Tanzania haina sheria.

Tatizo liko katika tofauti baina ya kumsajili mtu na kuisajili dawa. Kumsajili mtu si kugumu sana: viongozi wa kijiji wanaweza kushuhudia kwamba fulani anajulikana, anatibu, na hana sifa mbaya. Lakini hakuna mwenyekiti wa kijiji awezaye kushuhudia kwamba mzizi fulani hauharibu figo. Hali hii isiporekebishwa, cheti cha mganga huning'inia ukutani, na mgonjwa hudhani kwamba kila chupa iliyo chini yake imethibitishwa na Serikali.

Udhaifu huo humdhuru hata mganga mwema. Mwezi Januari 2009, kufuatia mauaji ya kikatili ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi wote. Uchungu wa taifa ulikuwa wa haki. Lakini amri hiyo ilimweka mzee anayechemsha magome kwa ajili ya kikohozi katika kundi moja na mpiga ramli anayechochea mauaji. Kama dawa ndizo zingekuwa zimesajiliwa kwa jina, sehemu na kipimo, ingekuwa rahisi kupambanua: mwenye dawa ya kuonyesha angeionyesha, na mwenye ramli asingekuwa na la kuonyesha.

Mwaka 2011 lilitokea jambo jingine. Maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, ili kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Mti uliotumika ulijulikana: mugariga, yaani Carissa spinarum. Jina lilikuwepo na kipimo kilikuwepo, tena kikombe kimoja tu. Kilichokosekana ni mpaka wa madai, kwa kuwa ilisemekana kwamba kikombe hicho kinaponya UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine sugu. Wako waliofariki wakiwa katika foleni, na uponyaji huo wa UKIMWI haukuthibitishwa. Fundisho la Loliondo ni kwamba dawa kutokuwa na sumu na dawa kuponya ni mambo mawili, na kila moja lina ushahidi wake. Mwezi Mei 2020 Tanzania ilipoleta kwa ndege kinywaji cha Madagaska kilichosemekana kutibu korona, swali lilikuwa lile lile, na waliolijibu kwa matumaini walikuwa wengi kuliko waliolijibu kwa ushahidi.

Ngazi badala ya ukuta

Katika mjadala huu wako wanaoshikilia kwamba matumizi ya miaka mingi ni ushahidi wa kutosha. Hoja yao ina ukweli wa nusu. Sumu inayoua kwa saa moja hugunduliwa na wazee, na mti wake huachwa. Lakini sumu inayodhoofisha figo au ini kwa miaka haigunduliki kwa njia hiyo, kwa sababu mgonjwa anapoanguka hakuna akumbukaye kile alichokunywa miaka mitatu iliyopita. Wahenga wamesema mganga hajigangi. Hali kadhalika, mtengenezaji wa dawa hawezi kuwa shahidi pekee wa dawa yake.

Wako wengine wanaotaka kila dawa ya miti shamba ipitie majaribio yale yale ya dawa mpya za viwandani. Hao wanasahau gharama. Mganga wa Mwamgongo hawezi kulipia majaribio ya wagonjwa mamia, na maabara za Muhimbili na za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Ukuta ukiwa mrefu mno, watu hawaupandi, huuzunguka. Dawa huendelea kuuzwa gizani, na Serikali hubaki na daftari safi lisilo na kitu.

Njia ya katikati ipo, nayo imekwisha kujaribiwa Afrika. Nchi ya Mali na jirani zake kadhaa zimezigawa dawa za jadi katika ngazi nne. Ya kwanza ni dawa aitengenezayo mganga mwenyewe kwa mgonjwa aliye mbele yake. Ya pili ni dawa iliyotumika kwa muda mrefu, ikatayarishwa kwa wingi kidogo na kuchunguzwa usalama wake. Ya tatu ni ile iliyopimwa kwa wagonjwa kwa utaratibu wa kisayansi. Ya nne ni kemikali iliyotolewa katika mmea na kusafishwa. Kila ngazi ina masharti yake, na dawa inaweza kupanda ngazi kadiri ushahidi unavyoongezeka.

Tanzania ingefaa kuufuata mwelekeo huo, kwa kuongeza sharti moja: maneno ya lebo yasizidi ngazi ya dawa. Dawa ya ngazi ya chini iandikwe jina la mti kwa lugha ya mahali na kwa Kilatini, sehemu iliyotumika, namna ilivyotayarishwa, kipimo, tarehe, na onyo kwa wajawazito na watoto. Ielezwe kwamba hutumiwa kijadi kwa kikohozi au kwa minyoo, basi. Isiruhusiwe kutaja saratani, UKIMWI wala kisukari. Ngazi hiyo ya kwanza haihitaji mashine. Inahitaji mratibu wa wilaya, karatasi, tawi lililokaushwa, na mtu ajuaye mimea. Kigoma inaweza kuifanya hata kabla sampuli haijapakiwa kwenye treni.

Aidha, usajili usikome siku ya kutolewa cheti. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha habari za wagonjwa 163 aliowatibu kwa majani ya mmea uitwao digitali. Habari za mmea huo alizipata katika dawa ya mchanganyiko ya bibi mmoja wa kijijini. Aliandika waliopona na pia waliodhurika, na kwa kulinganisha kumbukumbu hizo alijua kipimo kinachosaidia moyo na kinachodhuru. Vituo vya afya vya mwambao wa Tanganyika vingeweza kufanya vivyo hivyo: kumwuliza kila mgonjwa, bila kumkemea, ametumia dawa gani ya miti, na kuandika jibu lake. Mgonjwa anayeogopa kukaripiwa huficha, na akificha hakuna ajuaye dawa ipi iliyomdhuru.

Siri na haki

Waganga wengi hukataa kuandikisha dawa zao kwa hofu ya kunyang'anywa. Hofu hiyo haipaswi kuchekwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 kuhusu uanuwai wa viumbe na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 zimetambua kwamba wenye maarifa ya asili wastahili kugawiwa faida itokanayo nayo. Lakini kanuni hiyo haina nguvu mahali ambapo hakuna maandishi. Asiyeandikwa popote hawezi kudai. Basi fomu ya usajili iwe pia hati ya haki: itaje jina la mwenye ujuzi au la jamii yake, na itunzwe kwa siri isiyofunguliwa bila ya ridhaa yake. Mganga akiona kwamba daftari linamlinda kama linavyomlinda mgonjwa, atalikaribia. Akiona linamwinda, atakufa na siri yake, na maarifa ya vizazi vingi yatazikwa naye.

Kazi ya shule za sekondari

Walimu na wanafunzi wana nafasi katika kazi hii, hasa katika mikoa iliyo mbali na vyuo vikuu. Klabu ya sayansi ya shule yoyote ya Kigoma inaweza kuanzisha mkusanyo wa mimea ya jirani. Vifaa vyake ni magazeti ya zamani ya kukaushia, mbao mbili, mawe ya kukandamizia, na karatasi ngumu. Kila tawi liandikwe tarehe, mahali, urefu wa mti, rangi ya maua, na majina yake kwa Kiha, Kitongwe, Kibembe au lugha nyingine isemwayo hapo. Nakala ya pili inaweza kupelekwa Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ili itambuliwe kwa jina la kisayansi.

Masharti matatu yazingatiwe. Wanafunzi wasionje wala wasimpe mtu yeyote dawa wanayoichunguza. Wasichume mizizi wala magome ovyo, kwa kuwa mti uliochunwa pande zote hufa. Na wasiandike siri ya mzee asiyetaka iandikwe. Kwa kuyashika hayo watajifunza sayansi kwa vitendo, na wakati huo huo wataiandalia wilaya yao kurasa za kwanza za daftari ambalo sheria ya mwaka 2002 inalihitaji.

Dawa za miti shamba hazitaondoka kwa kudharauliwa, wala hazitakuwa salama kwa kusifiwa. Mgonjwa anayenyoosha mkono kupokea kikombe ana haki ya kujua ni mti gani, sehemu gani, na kiasi gani. Maswali hayo matatu yanaweza kujibiwa katika kila wilaya hata sasa. Yale makubwa zaidi, ya uponyaji na ya kemikali, yatajibiwa na maabara kwa wakati wake, lakini hayatajibika kamwe ikiwa yale matatu ya kwanza hayakuandikwa.